Umejuaje?

Kofi langu la kwanza la falsafa nililila nikiwa na miaka 9, jikoni kwa shangazi, Ngamiani. Alikuwa kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, huku akiwasimulia wenzake kwamba jirani wa nyumba ya tatu kapotewa na pesa kwa sababu kuna mtu kamfanyia. Nikauliza: "Umejuaje?" Sikuwa na ubaya. Habari ilikuwa tamu, nikataka na mwanzo wake. Mkono ulitoka kwenye mbuzi moja kwa moja hadi shavuni kwangu, na chembe za nazi zikiwa bado zimeushika.

Leo nina miaka 22 kazini. Nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya kata hapa Tanga mjini, na kila Alhamisi baada ya vipindi nakaa chini ya mkungu nyuma ya madarasa, nimezungukwa na wanafunzi 30 hivi, tukifanyia mazoezi swali lile lile. Shangazi yu hai. Sijamwambia.

Chanzo cha mambo haya ni aibu ndogo. Kwenye andalio la somo sisi walimu tunaandika maneno makubwa makubwa, na moja nililoliandika miaka nenda miaka rudi ni "fikra tunduizi". Siku moja binti wa kidato cha tatu aliyenibebea madaftari hadi ofisini akaliona. "Madam, tunduizi ndiyo nini?" Nikamwambia ni kufikiri kwa kina. "Na kwa kina ndiyo vipi?" Nikamtuma akafute ubao. Akaondoka kwa adabu zake zote, nami nikabaki na andalio langu, nikijua fika kwamba ubao ule ulikuwa umefutwa tangu asubuhi.

Alhamisi ya kwanza walikuja 7. Neno falsafa sikulitaja, kwa kuwa lingewakimbiza, na kitabu cha kuanzia sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni methali, ambazo mtoto wa Pwani anazo kama alivyo na kandambili. Nikaandika: "Haraka haraka haina baraka." Wakaieleza vizuri, kwa sauti ile ya insha ya mtihani, methali hii inatufundisha kwamba. Chini yake nikaandika: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Nayo wakaieleza vizuri, kwa sauti ile ile. Nikauliza: ipi ya kweli?

Kimya. Tunawafundisha methali moja moja, leo hii, wiki ijayo ile, kama wake wenza wasiotakiwa kukutana mlangoni. Mwishowe kijana mmoja, mtoto wa mchuuzi wa samaki, akasema: "Inategemea, Madam."

Inategemea nini?

Akaeleza. Pale soko la samaki la Deep Sea, vyombo vinapoingia asubuhi, bei iko juu, watu wanagombania. Anayesubiri hununua rahisi. Lakini anayesubiri sana hununua samaki aliyelegea, jicho limeingia ndani, na hapo ngoja ngoja inaumiza tumbo hasa, tumbo la mlaji. Kwa hiyo kuna saa ambayo haraka haina baraka na kuna saa ambayo kungoja ni hasara, na mama yake huijua saa hiyo kwa kumbonyeza samaki kwa kidole na kumfunua shavu aone wekundu wake. Hamuulizi mhenga.

Nikaona mtoto kanimalizia somo kabla sijalianza. Kusema "inategemea" hakuna kazi, hata mvivu husema hivyo apate kulala. Yeye alisema inategemea nini, akaongeza na njia ya kukitambua hicho kitu ukiwa umesimama sokoni. Tukaendelea na nyingine. Penye wengi hapaharibiki neno, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Wingi upi unafaa, na kwa kazi ipi? Kuamua mahari, wengi. Kushika usukani, mmoja. Walibishana hadi mlinzi akaja kufunga geti.

Methali iliyotukalisha Alhamisi tatu nzima ni hii: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yule binti wa andalio la somo (hakukosa hata mara moja) aliitazama sana, kisha akasema, "Hii haikosei kamwe, Madam. Ukilitafuta jambo ukalipata, inakwambia nilisema. Ukilikosa, inakwambia subiri." Mwingine akasema ni kama mtu mnayecheza naye bao, kila akikaribia kushindwa anabadili sheria. Hapo nikawaambia kwamba mwanafalsafa mmoja mzaliwa wa Vienna, Karl Popper, mwaka 1934 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo hilo. Hoja yake ni kwamba dai la kisayansi hutambulika kwa kukubali hatari: linasema mapema ni kitu gani kikionekana, lenyewe litakuwa limeshindwa. Dai lenye mlango wa kutokea kila upande halijatuambia kitu kuhusu dunia, hata likiwa na sauti nzuri. "Basi lisemwalo lipo inatuambia nini?" nikauliza. Binti akajibu: "Inatuambia tukae na wasiwasi."

Wapo wenzangu wanaoona haya ni mambo ya Wazungu. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, aliyachoka maneno hayo mapema. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akienda vijijini Kenya kuwahoji wazee waliosifika kwa hekima, na akaweka tofauti ninayoithamini kuliko mihadhara mingi niliyokalia chuoni. Kuna mzee anayeyajua yote yanayosemwa na jamii yake na anaweza kuyarudia bila kukosea. Na kuna mzee anayeyajua hayo hayo, lakini huyapima, mengine akayakataa na akakueleza kwa nini. Wote wawili wana hekima; huyu wa pili ndiye ambaye Oruka alimhesabu kuwa mwanafalsafa. Wanafunzi wangu wakataka kujua pale pale babu zao ni wa kundi gani. Niliwasihi wasiwaulize.

Swali lenyewe, umejuaje, lilinirudia mimi darasani, katika kipindi cha Historia. Vita Kuu ya Kwanza huwezi kuifundisha Tanga bila kufika Novemba 1914, Waingereza walipoleta meli zenye askari wapatao 8,000 kutoka India, wakashuka Raskazone. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwakabili na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wamekwisha kupanda meli zao, wakaacha nyuma bunduki na risasi ambazo Mjerumani alizitumia baadaye. Katikati ya mapigano nyuki walivurugika wakawavamia watu, ndiyo maana hadi leo wako wanaoviita vita vya nyuki. Nami nikamalizia kama nilivyomalizia kila mwaka, kwa mbwembwe kidogo: Wajerumani walikuwa wameitega mizinga ya nyuki kwa nyaya, adui akikanyaga tu, nyuki hao.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Madam, umejuaje?"

Wallahi shavu lilinichoma, lile lile. Nikasema nimesoma. Wapi? Sikumbuki vizuri. Nilifundishwa na mwalimu wangu. Na yeye je? Nikasema nitawajibu Alhamisi, na usiku ule sikulala mapema. Kwamba nyuki walikuwapo, hilo lina mashahidi wa pande zote mbili. Lakini nyuki hawakuchagua bendera. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baadaye kwamba nyuki waliwavuruga hata wapigaji wa bunduki zake za rashasha. Habari ya mtego wa nyaya nayo ilivuma upande wa walioshindwa. Nilitafuta mtu mmoja tu wa kusema mimi ndiye niliyezifunga zile nyaya, au nilimwona aliyezifunga. Sikumpata. Na ukijiuliza nani anafarijika na hadithi hiyo, huhitaji kwenda mbali: jeshi la watu 8,000 lililofukuzwa na watu 1,000 lina haja kubwa sana ya nyuki waliofundwa.

Nilipowaeleza hayo chini ya mkungu, nikikiri na kosa langu la miaka yote, kijana anayesoma chuoni jioni kwa ustadhi alitikisa kichwa kama mtu mzima. "Kwa hiyo sanad yake imekatika."

Nikamwomba awaeleze wenzake. Akasimama. Katika elimu ya hadithi za Mtume, alisema, mtu haji na maneno matupu. Maneno yenyewe ni matini, na mbele yake kuna sanad, mnyororo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Wanavyuoni wakamchunguza kila mmoja katika mnyororo ule. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu zake zilikuwa nzuri, au alipozeeka alianza kuchanganya? Je, alipata kukutana na huyo anayesema kapokea kwake, au huyu alizaliwa yule kishakufa? Kiungo kimoja kikilegea, hadithi inaitwa dhaifu, hata kama maneno yake ni mazuri kiasi gani.

Nikakaa kimya. Miaka yote naandika "tunduizi" kwenye andalio, kumbe mtoto anapakia kitu chenyewe kwenye baiskeli kila jioni, pamoja na juzuu yake. Binti mmoja wa Kikristo akasema kwao yuko Tomaso, aliyekataa kusadiki kwamba Yesu kafufuka mpaka aone alama za misumari. Tukamkaribisha Tomaso naye.

Halafu likaja jambo ambalo bado nalifurahia. Kijana mwingine, mpole, asiyesema sana, akatoa dhana: "Madam, labda msimulizi wa kwanza alisema Wajerumani walikuwa na mizinga. Ile ya vita. Aliyepokea akadhani ni ya nyuki." Tulicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia. Mzinga na mzinga! Dhana tamu, nami nusura niichukue niende nayo darasani mwaka unaofuata. Ni yule wa sanad aliyeiua: hadithi ile Waingereza waliisimulia kwa Kiingereza, na katika Kiingereza mzinga wa nyuki na mzinga wa vita ni maneno mawili yasiyojuana. Mwenye dhana akanywea. Nikamwambia kuzaa wazo zuri na kuliona likifa mchana ule ule ni kazi ya watu wazima, na wengi hawaiwezi.

Tukajaribu na mapango ya Amboni. Kila mtoto wa Tanga amesikia kwamba yanatokea Kilimanjaro. Wazungu waliingia na mbwa wao, wenyewe hawakuonekana tena, mbwa akaokotwa mlimani. Niliwapa wiki mbili watafute mpokezi wa kwanza. Walirudi na wajomba, makonda, babu mmoja wa Kiomoni aliyesema yeye kasikia kwa mjomba. Hakuna jina la mbwa wala la aliyemwokota, wala jinsi alivyotambua kwamba ni mbwa wa Tanga. Kilimanjaro iko karibu kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na wapimaji waliowahi kuingia mle na vifaa walikuta pango refu kuliko yote halifiki kilomita 1. Lakini walivyokuwa wakisimulia, niliona hawataki mbwa afe. Sikuwalazimisha.

Kufikia mwezi wa tatu wa Alhamisi zetu walikuwa wameota pembe. Kila kitu sanad imekatika. Dawa ya bibi, imekatika. Habari ya jirani, imekatika. Tangazo la mwalimu mkuu kwamba kesho kuna usafi, imekatika. Ndipo nikawaletea silikanti.

Huyu samaki wataalamu walimjua kwa mawe tu, kwa visukuku, na wakakubaliana kwamba alikwisha duniani miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Desemba 1938 akatolewa na wavuvi Afrika Kusini, na mtunza makumbusho mmoja, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona katika rundo la samaki akakataa kumpita. Wa pili alipatikana mwaka 1952 Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na wana jina lake, gombessa. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Na tangu mwaka 2003 akaanza kuingia katika nyavu za hapa kwetu, mara nyingi hata mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake.

Nikawauliza: wataalamu walikosea wapi? Uwongo hawakusema, na mawe yao yalikuwa mawe kweli. Walizungukazunguka. Aliyelipata ni kijana wa kutoka Kigombe, ambaye babu yake alishawahi kumtoa mmoja kwenye jarife. "Walisema hayupo," akasema. "Walitakiwa waseme hatujamwona." Nikaliandika lile ubaoni, hayupo upande huu, hatujamwona upande ule, tukakaa na maneno hayo mawili jioni nzima. Daktari asiyeona ugonjwa kwenye kipimo. Polisi asiyeona mwizi. Mtu anayesema hakuna anayenipenda. Sanad ikikatika, tumepoteza njia ya kujua. Kwamba jambo halikutokea ni dai jingine, nalo lina ushahidi wake wa kutafutwa. Kijana wa Kigombe alikuwa kisharudi kwa babu yake: samaki mwenyewe mafuta matupu, alisema, hana utamu, mzee angejua thamani yake asingehangaika kumpika.

Mambo mengine tuliyapitia upesi. Mikeka ya kubashiri mechi, kwa mfano. Umri wao haujafika wa kubeti, lakini kila mmoja ana kaka. Kaka ana mkeka wa mechi 10, zote "za uhakika". Tukasema haya, uhakika ule tuupe 7 katika 10, ambao ni mwingi. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mpaka zitimie 10. Walirudia mara tatu kwa kikokotoo cha simu yangu: haifiki 3 katika 100. Mmoja akasema kwa huzuni, "Ndiyo maana kila siku mkeka unachanikia kwa mechi moja tu."

Ofisini wenzangu huniita Mama Umejuaje. Mmoja akaniambia ninafundisha ubishi. Nikamkumbusha kwamba Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zitoe vijana wenye akili ya kudadisi, wanaoweza kujifunza kwa wengine na kukikataa au kukirekebisha walichojifunza kifae mahitaji yao. Akaniuliza: "Umejuaje?" Nikaenda kumletea kijitabu.

Lakini lile la ubishi lilinikaa, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Vijiwe vyetu vya kahawa vimejaa watu hodari wa maneno ambao hawajabadili wazo tangu walipoanza kunyoa ndevu. Mbishi ana jibu tayari. Anachotafuta ni kelele ya kulisindikiza. Kwa hiyo tukaweka sharti moja chini ya mkungu: huruhusiwi kumpinga mwenzako mpaka uieleze hoja yake wewe, kwa maneno yako, na yeye aseme "ndiyo, hivyo hivyo". Tulilijaribu kwa Simba na Yanga. Kijana wa Yanga kufa na kupona alisimama dakika kumi akitetea ubora wa Simba, jasho linamtoka, na mwenzake wa Simba anakataa kila mara, "bado, hujanielewa". Walipomaliza hakuna aliyehama timu. Ila walikuwa wamechoka kwa namna nyingine, ya mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulimaliza.

Jumatatu moja asubuhi mzazi alikuja na baiskeli. Tukaamkiana, hali yako mwalimu, watoto hawajambo, mvua je huko kwenu. Kisha akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi," nami nikavuta kiti, maana neno hilo lina mkia. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa katika wiki moja. Jioni, mbele ya mkewe na wageni, akasema anamjua aliyefanya: kikongwe wa nyumba ya pili. Mwanawe wa kidato cha pili, mmoja wa watu wangu wa Alhamisi, akamkazia macho: "Baba, umejuaje?"

"Nimempiga, sikufichi," alisema. "Lakini nimekuja nikuulize wewe. Ndiyo elimu gani hii, ya mtoto kumhoji baba yake mbele ya watu?"

Sikumletea Socrates. Kisa cha mtu aliyezunguka sokoni Athens akiuliza maswali, mji wake ukamshitaki kwa kuwapotosha vijana na mwaka 399 kabla ya Kristo ukamnywesha sumu, si cha kumtuliza mzazi aliyekuja na malalamiko yale yale. Wala sikumletea Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa kwetu, ambaye katika Kusadikika alimsimamisha Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, katika nchi ambayo hata jina lake limetoka kwenye kusadiki. Vyote vilinijia kichwani, na vyote vilikuwa upande wangu, ndiyo maana niliviacha.

Kwa sababu alikuwa na haki, nusu. Kuhusu kikongwe, mtoto ndiye aliyesimama mahali pake. Katika nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, jioni, mbele ya wageni. Lakini mimi nilimpa mtoto panga bila kumfundisha kulishika. Umejuaje lina kidole ndani yake. Ile u- inamnyooshea mtu, na mtu akinyooshewa kidole hatazami tena mbuzi aliyekufa, anakitazama kidole. Lugha yetu inayo njia nyingine na mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikuiona: tumejuaje. Tumejuaje, baba? Hapo mtoto amekaa ubavuni kwa baba yake, wote wawili wanatazama upande mmoja.

Nilimwomba radhi kwa namna mtoto alivyouliza. Kwa kuuliza sikuomba. Halafu nikasema, kama mtu anayeuliza habari za mifugo tu, mbuzi walikuwa wamevimba? Sana, akasema, ubavu wa kushoto. Walikuwa wakila wapi? Akataja bonde lililoota majani mabichi baada ya mvua za kwanza. Tukanyamaza wote. Kila mfugaji anajua mbuzi aliyeshiba majani machanga yaliyolowa anavyoweza kujaa gesi tumboni akafa upesi, na yeye amefuga tangu kabla sijaajiriwa. "Haya, mwalimu," akasema. Akapanda baiskeli yake.

Aliondoka na nini moyoni, hakuniambia. Kijana hakuonekana Alhamisi nne. Ya tano alikuja, akakaa pembeni, hakufungua mdomo. Kikongwe bado anauza ubuyu pale pale; hilo nimekwenda kulihakikisha kwa miguu yangu, zaidi ya mara moja, na ubuyu nimenunua.

Tangu siku ile zoezi letu la mwisho wa muhula lina masharti mawili: chukua jambo moja linaloaminiwa nyumbani kwenu, lipime, na uulize kwa tu-. Madaftari yamerudi wiki hii. La binti wa andalio la somo linasema hivi, nimelinakili bila kugusa:

"Bibi anasema mtu mwenye kinyongo asikande unga wa mahamri, hayaumuki. Nikamuuliza, Bibi, hili tumelijuaje? Akasema tumeliona tangu zamani. Nikaomba tulione tena. Unga nusu kilo na nusu kilo, hamira kijiko sawa, tui la nazi moja tukaligawa, sukari na iliki sawa. Bakuli la kwanza nilikanda mimi, sina neno na mtu. La pili alikanda kaka, ambaye mama kamnyang'anya simu na hasemi na mtu tangu juzi. Tukayafunika yote kwa kanga moja, mahali pamoja. Baada ya saa moja na nusu unga wa kaka ulikuwa umeumuka kuliko wangu kwa vidole viwili. Bibi akautazama. Akasema, huyu hakuwa na kinyongo cha kweli. Nikauliza, Bibi, tumejuaje? Akasema, nimemlea."

Daftari liko mezani kwangu tangu Jumatatu, na kalamu nyekundu juu yake. Sijaliwekea alama.